Mbelwa Amaliza Mbio

Mvua ilinyesha tangu Jumamosi. Kufikia Jumapili jioni wenzake wote wa klabu ya mbio za magari walikuwa wameshamaliza mbio na kuondoka, ila Mbelwa, fundi saa, alikuwa bado anazunguka uwanja, waipa zimekufa, kichwa kakitoa dirishani. Kwenye mstari wa mwisho alimkuta mkewe, Tunu, peke yake, akimpungia khanga.

Alisimamisha gari. "Nimechoka, Mama Shani. Hili gari naliuza."

Tunu alimtazama uso uliojaa matope. Kisha akafungua mlango wa pili, akaketi kwenye kiti kilicholowa.

"Miaka yote nakungoja hapa," alisema. "Huko unakokwenda sijawahi kufika."

Mbelwa akatia gia. Gari likateleza kidogo, kisha likaingia tena uwanjani, kwenye mvua.