Nakuja Sasa Hivi

Mkunga alipanda ngazi mbio, viatu mkononi, kanga ya kiunoni imelowa maji na damu ya watu wengine. Nyumba ya chini, kwa jirani, mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Kilio kizuri. Siku nyingine angesimama akisikilize. Leo kilimchoma.

Alikuwa amemwacha dada yake peke yake.

"Nakuja sasa hivi," alimwambia alipotoka, na dada hakujibu. Hakuwa amemjibu mtu yeyote tangu juzi. Lakini jirani alikuwa ameshikwa na uchungu, gari la wagonjwa halionekani, na mumewe amesimama mlangoni anatetemeka utadhani ndiye anayezaa. Mkunga alikwenda, akamchukua na binti yake, mwanafunzi wa uuguzi, amsaidie. Nani angekataa? Ila neno hilo, nakuja sasa hivi, hakuanza kulisema leo.

Alilisema alipokuwa wodi ya wazazi. Alilisema alipohamishiwa chumba cha upasuaji, kisha wodi ya wagonjwa wa akili, ambako mzee mmoja alimposa kila Jumatatu na kumwacha kila Ijumaa. Alilisema hata alipofanywa mwalimu wa wauguzi. Huko alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja: mwanafunzi akipima mapigo ya moyo kwa kidole gumba, alikigonga kidole hicho kwa kalamu. "Gumba lina mapigo yake," alikuwa akifoka. "Utahesabu moyo wako, uje uniambie ni wa mgonjwa." Wakambandika jina la Sista Gumba, na binti yake mwenyewe alionja kalamu kama wenzake.

Na miaka yote hiyo nani alikuwa nyumbani? Dada. Ndiye aliyempikia mtoto uji, akamsuka nywele, akaenda mikutano ya shule. Mchana mtoto alimwita mama mkubwa. Akiota ndoto mbaya aliita mama tu, na aliyeamka ni huyohuyo.

"Wewe nenda, watu wanakusubiri," dada alikuwa akisema.

"Nikistaafu nitakutunza mpaka unichoke," mkunga alikuwa akijibu, akitafuta viatu.

Amestaafu. Dada hakupata nafasi ya kumchoka, maana maradhi yalimlaza kabla hata zawadi za kuagwa hazijafunguliwa.

Aliingia chumbani anahema. Feni ilikuwa ikizunguka, na shuka likicheza kidogo kifuani pa dada. Macho yamefumba kama alivyoyaacha.

"Nimerudi, dada."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaufumbata mkono wa dada yake kama walivyokuwa wakishikana utotoni wakivuka barabara. Mkono ulikuwa wa baridi, lakini siku hizi ulikuwa wa baridi kila asubuhi. Akapapasa kifundo, akatafuta mapigo. Yalikuwepo. Yalikwenda kasi, kama ya mtu aliyekimbia.

"Usikasirike," alisema. "Ni wa kike. Mama na mtoto wazima."

Mapigo yaliendelea kwenda mbio. Amekasirika, mkunga aliwaza, na ana haki.

"Nisikilize basi. Nilikuachia mwanangu ukanilelea, nikawa naingia humu kama mgeni wa kulala. Akikuita wewe, niliona wivu. Wivu, dada, badala ya shukrani. Hata asante sikuwahi kukwambia, nilikuwa nakuletea vitambaa tu." Alijifuta pua kwa bega, asije akauachia mkono ule. "Na leo tena nimekuacha. Nisamehe. Kama unanisikia, nisamehe."

Alishusha pumzi ndefu.

Ndipo mapigo yakaanza kutulia. Yalipungua kidogokidogo, hadi yakawa ya taratibu kabisa, ya mtu aliyetua mzigo. Mkunga aliinamisha kichwa akalia. Dada alikuwa hivyo maisha yake yote: hasemi nimekusamehe, anatulia tu, na wewe unajua yamekwisha.

Mlango ulisukumwa. Binti aliingia na kikombe cha chai.

"Gari limefika, mama. Wamewachukua wote wawili." Alimtazama mama mkubwa usoni. Akaitazama mikono yao.

"Amenisikia," mkunga alinong'ona, akitabasamu katikati ya machozi. "Moyo ulikuwa unamwenda mbio, sasa umetulia. Njoo umshike mwenyewe."

Binti aliweka chai mezani, akapiga magoti kando ya kitanda. Taratibu aliliinua gumba la mama yake kutoka kwenye kifundo kile, akaweka mahali pake vidole vyake viwili, akasubiri.