Kidole cha Baba

Watu wa rika la Mwanaheri wote walitiwa kinyoosha sauti sikioni wangali wachanga, hivyo kila muziki uliwafikia umekwisha kusahihishwa. Mama yake, Bi Shangwe, alikuwa bado na masikio yake ya asili, lakini zamu yake ya kutiwa ilikuwa kesho asubuhi. Ndiyo maana tangu alasiri walikuwa sebuleni, Mwanaheri na gitaa mapajani, wakihangaika na ule wimbo ambao marehemu baba aliupigia gitaa kwenye bendi, watu wakacheza hadi majogoo.

"Siyo hivyo, mwanangu," alisema Bi Shangwe. "Hapo kwenye kiitikio palikuwa na kauchachu. Kidole cha mwisho cha baba yako kiliwahi kuvunjika, kilikuwa hakikunjiki."

Mwanaheri akakinyanyua kidole cha mwisho, akauacha uzi wa chini ulie wenyewe.

Mama akajishika mdomo. "Ee! Huyo hapo, mume wangu! Umemsikia?"

Mwanaheri alisikia kilekile alichokisikia tangu alasiri, kitamu, kimenyooka.

"Nimemsikia, mama," alisema, huku akivikodolea macho vidole vyake pale vilipokaa, asije akapasahau.