Jiwe la Msingi la Mheshimiwa Kobe

Tarehe 12 Machi 1974, Mheshimiwa Kobe Magamba bin Jabali, Waziri wa Makazi aliyezaliwa na nyumba mgongoni, alifika nyikani kuweka jiwe la msingi la nyumba za wanyama wasio na makao. Ngiri wakalibingirisha jiwe hadi juu ya shimo la Bi. Panyabuku.

"Mheshimiwa, huo ni mlango wangu! Wanangu wamo ndani!"

"Tulia, mama. Utajengewa nyumba yenye madirisha; shimo la nini tena?"

Wanyama wakapiga makofi. Bi. Panyabuku alichimba kando ya jiwe hadi kucha zikang'oka, na masika yakamkuta angali akichimba. Fedha za kuta hazikuletwa kamwe.

Kasuku husimulia kwamba watoto wale waliuawa na mvua. Sivyo. Mvua iliwakuta wamekwisha kufungiwa.