Ndani ya Mstari wa Majivu

Garama alikuwa amefika kona ya tatu, akimwaga majivu kuchora mistari ya uwanja kama afanyavyo kila asubuhi, ndoo ilipopigwa teke. Majivu yakamjaa miguuni.

"Mstari umepinda, kocha," alisema Kahaso.

Zamani mkewe huyu alimwita Baba Nyevu. Kisha ikaja fainali ile. Kahaso alimwambia amekosea kumteua mpiga penalti, naye Garama akamfokea mbele ya wachezaji wote. Siku hiyo hiyo Kahaso akabeba nguo zake akarudi kwa wazazi, na nusu ya timu ikamfuata. Watamu sasa ilikuwa na timu mbili, zote vibonde.

Leo walikutana kugawana chipukizi. Desturi ya hapo ilijulikana: filimbi ikilia, yeyote aliye ndani ya mistari anaweza kuchaguliwa, na aliyetajwa hakatai mpaka msimu uishe. Refa akarusha shilingi. Kahaso akapata kuchagua kwanza.

Garama moyo ulimlipuka. Akimkosa Chengo, mshambuliaji aliyetoka Mariakani, wachezaji waliobaki wangemkimbia nao.

"Mchukue Dena," alisema. "Timu hujengwa kuanzia golini. Huyo Chengo ana mguu mmoja tu."

"Na wewe una sikio moja, nalo limeziba."

Vijana wakaangua kicheko.

"Mvivu huyo Chengo! Akikimbia mara mbili aomba maji."

"Juzi ulisema ni risasi."

"Nani kakwambia?"

"Kwa kelele zako zile? Hata samaki walisikia."

Garama alihisi masikio yakiwaka moto. "Taabu yako, bi Kahaso, hujui kuchagua."

Kahaso akakung'uta majivu kwenye kiatu chake.

"Hilo kweli," alisema. "Niliwahi kuchagua, na watu wote wakanicheka."

Hapo hakuna aliyecheka. Garama akaokota ndoo yake, akageuka aondoke kabla ulimi haujamponza tena.

"Wapi? Baki ndani ya mstari. Kesho usije ukasema nilichagua wewe hupo."

Akabaki, meno yameumana. Chengo alikwisha kuvua kandambili, amezishika mkononi, akimsogelea Kahaso huku anatabasamu.

Filimbi ikalia.

"Haya, liseme hilo jina!" Garama alifoka. "Liseme tukuone!"

Kahaso alimtazama Chengo, akamtazama Dena. Kisha macho yake yakashuka kwenye ile miguu iliyojaa majivu.

"Namchukua Baba Nyevu," akasema. "Na aliyetajwa hakatai."