Uzi wa Bi Mkali

Mumewe alimsukuma, kichwa chake kikagonga kioo cha kujipodolea, kioo kikapasuka. Kabla hata ya kuugusa uso, alificha vidole kwapani. Kidole kidogo cha kushoto mumewe alikivunja mara ya mwisho alipojaribu kutoroka, na kiliunga upande.

"Utakwenda pale, utapiga fidla, utatabasamu," mumewe, mpiga gitaa, alisema, akipangusa vumbi la kioo begani mwa koti lake la kumetameta. "Ukinitoroka tena, mtoto utamwona kwenye picha tu. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, baba."

Nje ukumbi ulishafurika. Bendi ya mumewe ya roki, ile ya nyimbo ndefu zisizojua kwisha, ilikuwa inarekodi filamu ya onyesho pamoja na okestra nzima. Kamera sita, na wimbo wa mwisho unaomeza nusu saa bila kupumua, nusu yake gitaa peke yake mbele.

Alijipaka poda juu ya uvimbe, akatoka. Baunsa wa mumewe alimfuata hatua kwa hatua.

Kama mume peke yake hakutosha, kulikuwa na Bi Mkali, mpiga fidla wa kwanza, mwanamke mtu mzima mwenye ulimi wa upupu. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi alimwandama yeye tu.

"Wewe, kiti cha mwisho, kule mlangoni," alimwambia mbele ya watu wote. "Uso umevimba kama umelala kwenye mzinga wa nyuki. Nani anataka kuuona huo kwenye filamu?"

Mpiga gitaa alicheka mpaka akaegemea spika. "Mpe vidonge vyake, bibi!"

"Na kiti cha mwisho kina kazi yake. Uzi wangu ukikatika, nachukua fidla ya jirani, yangu inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwako. Unatoka nayo, unafunga uzi mpya, unarudi. Okestra zote ndivyo zinavyofanya. Sanduku langu liko chumba cha mavazi. Na hivyo viatu vya kugongagonga uvue, uje na raba. Sitaki kukusikia ukitembea."

Mtoto nusura abaki nyumbani kwa mama mkwe, mlango umefungwa kwa kufuli. Bi Mkali aliingilia hata hilo.

"Mleteni huyo mtoto hapahapa," alimfokea mpiga gitaa. "Mimi sitaki mpiga fidla ambaye mwili uko jukwaani, roho iko jikoni. Mtunza mavazi atamshika."

Mazoezini uzi wa Bi Mkali ulikatika mara tatu. Mara ya kwanza baunsa alimfuata mke mpaka chumba cha mavazi, akasimama juu yake kama mnara mpaka uzi ukafungwa. Aliporudi, Bi Mkali alimchapa vidole kwa upinde wa fidla, palepale kwenye kile kilichounga vibaya.

"Muda wote huo? Ulikwenda kumchinja kondoo, umtoe utumbo, utengeneze uzi?"

Okestra nzima iliangua kicheko. Mara ya tatu baunsa hakujisumbua hata kuinuka kitini.

Sasa wimbo wa mwisho ulianza kwa ngoma zilizopiga kama mtu anayevunja mlango. Tarumbeta zikarukia juu yake. Kwenye kiti cha mwisho, poda ilimtiririka na jasho, jicho likazidi kuziba, na kila alipoinua upinde, ubavu ulimchoma. Mbele, mumewe alisonga kwenye ukingo wa jukwaa, gitaa limemlalia tumboni, kamera zote zikamkimbilia. Aligeuka mara moja tu, kumwangalia mkewe. Kisha akafumba macho, akaanza kupiga peke yake.

Pap!

Bi Mkali alitazama uzi unaoning'inia, akakunja uso, akampokonya jirani fidla. Yake ikaanza safari: mkono, mkono, mkono, mpaka ikamfikia mwanamke wa kiti cha mwisho. Bi Mkali akageuza shingo. Macho yale yalimtoa kitini haraka kuliko kofi.

Mumewe alifumbua macho, akamwona anainuka. Akakaza taya. Lakini kamera ilikuwa shibiri moja kutoka usoni pake, na vidole haviwezi kuachia gitaa katikati ya filamu. Akatabasamu, akaendelea.

Mlangoni, baunsa aliiona fidla na uzi wake uliokatika, akavuta miguu kumpisha.

"Kimbia, dada. Yule bibi atakutafuna."

Alikimbia. Raba hazikutoa sauti. Katika chumba cha mavazi, mtunza mavazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, ule wa kupakilia vyombo, mtoto amelala mgongoni mwake. Nje gari lilikuwa linanguruma.

"Twende, mwanangu," mtunza mavazi alimhimiza mpiga fidla.

"Ngoja kwanza nifunge uzi, Bi Mkali ataniua!"

Akapiga magoti, akafungua sanduku la fidla, akapekua kila mfuko. Hamkuwa na uzi hata mmoja. Mlikuwa na viatu vya mtoto, na wembe, makali yake yamenasa kijipande cha uzi wa fidla.