Wanaolala Humu

Tangu Tumpe aanze kusomea uuguzi kwa ufadhili wa serikali, kifaa kilichobandikwa sebuleni kwao kilikuwa kikipima kipato cha kila mtu aliyelala katika nyumba hiyo. Kipato kikipanda, ufadhili unakatwa. Siku moja kaka yake, Ambakisye, alirudi akicheka. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha chai.

"Kaikatae," Tumpe alimwambia.

"Nimesota miaka yote hii, leo niikatae?"

"Nimebakiza mwaka mmoja, kaka. Unataka kuniharibia?"

"Kwa hiyo mimi nife fukara ili wewe uvae gauni jeupe!"

Mama yao aliingia katikati. Ambakisye alidhani amekuja kumtetea.

"Kifaa kinahesabu wanaolala humu tu, mwanangu," mama alisema bila kumtazama. "Katafute pa kulala."

Ambakisye alikusanya nguo zake, akatoka bila kuaga. Mara sauti laini ya kifaa ikasikika ukutani: "Hongereni. Kaya yenu bado ni maskini."

Tumpe alishusha pumzi, akafungua kitabu chake.

"Na mimi nikipata hela," mama aliuliza, "nitalala wapi?"

Tumpe alifunua ukurasa.