Herufi za Uongo

Simu ililia Céline akimbembeleza mtoto mgongoni.

"Mama, umeamukaje? Umekula?" sauti ya mwanaume iliuliza, ikajidai inatoka ofisini Goma. "Unipe mot de passe, ile neno ya siri ya ordinateur ya bustani, tuitengeneze."

Chefu, mkuu wake wa kazi, alishamwonya: anayepiga simu kuuliza hivyo ni mwizi, anatafuta ramani ya miti ya dawa iliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Lakini tangu Céline atoke Mushaki kuja kulinda bustani hii ya Itebero, hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula.

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe chekundu cha kukata simu. Akakiondoa.

"Andika, kaka," akasema, akaanza kutunga herufi za uongo, moja moja, polepole.

"Imekataa, Mama."

"Inakataaka, njo vile iko siku zote. Tuanze tena. Na wewe, umekula?"